Printa moja, kompyuta tano: WSD, poti ya TCP/IP, USB ya kushiriki, au bila draiva kabisa?

Nyar_Milimani (Kisumu)

Habari zenu wakuu. Ofisi yetu ni ndogo, kompyuta tano: tatu za Windows 11, moja ya Windows 10, na laptopu ya mhasibu yenye Windows 7 ya biti 32. Hiyo ya mhasibu hasikii la mtu kuihusu, maana programu yake ya hesabu inaishi humo. Printa ni leza ya nyeusi pekee, inapiga skani pia, ina waifai na tundu la waya wa mtandao. Aliyeifunga alisubiri ijitokeze kwenye orodha, akabofya, akalipwa, akaenda zake.

Kila stima ikipotea na kurudi, kompyuta mbili au tatu zinaandika "Offline" huku printa imewaka na haina neno. Tukiifuta na kuiongeza upya inachapa vizuri, hadi stima ipotee tena.

Sasa kila fundi na lake. Mmoja anasema tubaki na hiyo WSD ya kujitokeza yenyewe ila tubadilishe draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Mwingine anataka poti ya TCP/IP. Wa tatu anasema tuichomeke kwa kompyuta ya sekretari kwa USB, wengine wapitie huko. Na kijana wangu wa chuo anasema siku hizi printa hazihitaji draiva. Nimsikilize nani?

FundiNaks (Nakuru)

Dada, draiva iweke kando kwanza. Draiva isiyofaa hujionyesha kwenye karatasi: alama zisizosomeka, ukurasa baada ya ukurasa wenye mstari mmoja juu, au kazi inakwama kwenye foleni na kosa. Zako zinatoka safi mpaka stima ipotee. Hilo ni suala la anwani.

Ruta yako inagawa anwani za IP, yaani namba ya kila kifaa kwenye mtandao, kwa kila kinachowaka. Stima ikirudi, vifaa vyote vinaamka pamoja na kuomba upya, na ruta nyingi za bei nafuu hazikumbuki nani alikuwa na ipi. Printa iliyolala ikiwa 192.168.1.7 inaamkia 192.168.1.12. WSD, ambayo Windows imekuwa nayo tangu Vista, inatakiwa kuifuata huko ilikohamia. Ni kama kumtafuta mtu soko la Kibuye kwa kuita jina lake: siku tulivu anaitika, siku ya kelele humpati. Poti ya TCP/IP haiiti mtu, inaenda moja kwa moja kwenye anwani uliyoiandika, kwa kawaida namba ya poti 9100. Kwa hiyo ukiiweka bila kuifungia printa anwani yake, nayo itakuangusha vilevile.

Kwa ofisi kama yako mimi huanza na printa yenyewe: chapisha karatasi ya mipangilio kutoka kwenye menyu yake, usome anwani ya MAC (namba ya kudumu ya printa yenyewe), kisha ingia kwenye ruta uitengee IP isiyobadilika. Ndipo uende kwa kila kompyuta uongeze printa kwa mkono kwa kuandika IP hiyo. Angalia pale pa "Device type". Ukiacha "Autodetect", Windows inaweza kukurudisha kwenye WSD ile ile kimyakimya. Chagua "TCP/IP Device".

Kuna lingine ambalo mafundi wengi hulipita. Windows huiuliza printa hali yake kwa SNMP, njia ya vifaa vya mtandao kuulizana hali, na isipopata jibu inalolielewa huiandika "Offline" hata kama iko tayari kuchapa. Fungua sifa za printa, kichupo cha "Ports", kisha "Configure Port", uondoe tiki kwenye "SNMP Status Enabled". Nimeona ofisi zikinunua printa mpya kwa sababu ya hiyo tiki.

Saiba_Kondele

Msiidharau USB. Printa yangu ni ya tangi za wino, haina waifai wala tundu la mtandao, na kutwa nzima inatoa vyeti vya KRA na fomu za eCitizen. Nimeishiriki kutoka kwa kompyuta ya kaunta na wateja wanachapa kutoka popote.

Lakini dada, wewe una tundu la waya wa mtandao, kwa hiyo usijitie huko. Kompyuta ya sekretari ikizimwa, ikilala au ikianza kusasisha, ofisi nzima inasimama. Na hiyo Windows 7 ya biti 32 haiwezi kutumia draiva ya biti 64 iliyo kwenye kompyuta ya sekretari. Kisha kuna kosa 0x0000011b, ambalo Windows hutoa ikikataa kuunganisha printa ya kushiriki, Mungu akuepushe nalo.

Mwalimu_Bgm (Bungoma)

Hilo 0x0000011b tulilipata shuleni katikati ya kuchapa mitihani. Kuna mtu akatuambia tuweke "RpcAuthnLevelPrivacyEnabled" iwe 0 kwenye sajili ya Windows. Ilifanya kazi. Ni salama?

FundiNaks

Inafanya kazi kwa sababu umezima ulinzi. Mwaka 2021 lilijulikana tundu la usalama lililoitwa PrintNightmare kwenye huduma ya Windows inayosimamia foleni ya uchapishaji. Masasisho ya Agosti mwaka huo yakafanya draiva za printa ya kushiriki zisisakinishwe na mtu asiye msimamizi wa kompyuta, na ya Septemba yakakaza mawasiliano kati ya kompyuta inayoshiriki na zinazochapa. Hapo ndipo 0x0000011b ilipowashukia watu. Ukiweka 0 unafungua tena kile kilichofungwa. Mwalimu, bora usasishe kompyuta zote mbili, au usakinishe draiva kwenye kompyuta inayochapa kisha uipe "Local Port" yenye njia ya printa ya kushiriki, mfano \\OFISI\printa.

Ndiyo maana printa yenye tundu la mtandao siipitishi kwa kompyuta ya mtu. Kila sasisho linalogusa kushiriki halinihusu.

Mwalimu_Bgm

Asante mkuu. Sasa kuhusu kijana wa chuo, hajakosea kabisa. Printa nyingi za miaka ya karibuni zinaelewa IPP Everywhere, AirPrint au Mopria, yaani kanuni za pamoja za kuchapa bila draiva ya mtengenezaji, na simu ya mwalimu inachapa bila kusakinisha kitu. Microsoft nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba itaacha polepole kusambaza draiva za watengenezaji kupitia Windows Update na kuipa kipaumbele IPP. Walimu wenye laptopu za Linux hawakuwahi kunisumbua hata siku moja.

Lakini mashine yetu kubwa ya stafrum inadai kila mwalimu aweke namba yake ya idara, na inabana stepla. Kwa draiva ya jumla ya IPP hivyo vyote vilipotea kwenye dirisha la kuchapa, mitihani ikakataliwa na mashine kwa kukosa namba. Tukarudi kwa draiva ya mtengenezaji. Kama kwako ni barua na risiti tu, IPP itakutosha.

Fundi_Kakamega

Naongeza kwa kijana: Windows 11 toleo la 24H2 ina hali ya ulinzi wa uchapishaji ambayo ikiwashwa inakataa draiva zote za watengenezaji na kubaki na printa zinazokubali Mopria. Kabla ya kuhangaika kwa nini draiva haikubali kuingia, hakikisha hakuna aliyeiwasha.

Na kwa wote: draiva ichukueni kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa jina kamili la modeli. Zile tovuti zinazojitokeza juu ya utafutaji na kitufe kikubwa cha kijani ziacheni. Draiva za pamoja kama Universal Print Driver ya HP au KX ya Kyocera zinasaidia ukiwa na modeli nyingi za kampuni moja, ila leza ndogo za bei ya chini mara nyingi hazielewi PCL wala PostScript, lugha ambazo draiva hizo huielezea printa ukurasa. Ukizipa draiva ya PCL zinatapika karatasi zenye alama za ajabu hadi trei iishe.

Nyar_Milimani

Nashukuru sana. Printa nimeitengea 192.168.1.50 na nimeiweka kwa waya. Kompyuta za mezani mbili zinachapa, na tumezima ruta makusudi na kuiwasha, bado zinachapa. Laptopu mbili za waifai zimekataa katakata. Draiva imeingia bila tatizo, kazi inakaa kwenye foleni tu.

Fundi_Kakamega

Kwenye hizo laptopu, fungua kivinjari uandike 192.168.1.50. Ukurasa wa printa unafunguka?

Nyar_Milimani

Haufunguki. Kwa za mezani unafunguka.

Fundi_Kakamega

Basi usiguse draiva, haina kosa. Ukurasa usipofunguka, laptopu haiioni printa. Angalia IP ya laptopu. Ikianza na 169.254, haijapewa anwani na ruta. Ikiwa ni kitu kama 192.168.100.x, mna ruta mbili: kisanduku cha kampuni ya intaneti na ruta yenu, kila kimoja na mtandao wake. Hiyo ni kawaida sana huku kwetu. Hamisheni waifai yote kwenye ruta moja, au ile ya pili iwekwe katika hali ya kuwa kituo cha waifai tu. Ikiwa IP ni ya 192.168.1.x, basi huenda laptopu iko kwenye waifai ya wageni, na hiyo kwa kawaida huzuia vifaa visionane.

Nyar_Milimani

Ni 192.168.100.14! Sikujua kama tuna ruta mbili. Namtafuta mtu wa intaneti. Na Windows 7 ya mhasibu nifanyeje? Na skani?

FundiNaks

Poti ya TCP/IP inakupa kuchapa tu. Kwa skani sakinisha kifurushi kamili cha mtengenezaji, au uambie printa itume skani kwenye folda ya mtandao, kama modeli yako inaweza.

Ya mhasibu, tafuta draiva ya biti 32 ya modeli hiyo. Kama mtengenezaji ameitoa, iwekee poti ya TCP/IP ile ile ya 192.168.1.50, haimtegemei sekretari wala mtu mwingine. Kama haipo, achape PDF kwenye folda ya ofisi na kompyuta nyingine iitoe. Na usiiunganishe laptopu hiyo na intaneti ovyo: Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 2020, na hata hiyo Windows 10 yenu muda wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025.

Saiba_Kondele

PDF za mhasibu akiwa na haraka azitume kwa WhatsApp ya sekretari kama wateja wangu wote, hakuna draiva hapo 😂