Hodhi halishiki maji

Neema: Shikamooni wote. Hodhi la kuogea halikai na maji. Nikilijaza, nusu saa tu limebaki tupu. Kizibo kwa macho kimeshuka vizuri.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Mpira wa kizibo umekwisha huo, badilisha.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Dada, mpira tusiuhukumu bado. Neema, jaza maji ya kiasi, funga, tega sikio kwenye tundu la juu la kuzuia mafuriko. Utasikia mchirizi. Sasa kandamiza kizibo kwa kiganja.

Neema: Nikikandamiza unakata. Nikiachia unarudi.

Mjomba Hamisi: Basi mpira mzima, kizibo ndicho hakifiki chini. Ama nywele zimekiinua, ama fimbo ya ndani imezidi urefu. Kinaendeshwa na nini?

Neema: Kuna kimkono kwenye kibati cha tundu la juu.

Kassim: Afadhali. Vile vya kubonyeza kwa mguu springi ikichoka hakuna ufundi, unanunua kipande kipya chenye nyuzi za skrubu za kipimo kilekile.

Mjomba Hamisi: Weka kizibo wazi, kivute juu huku ukikitikisa. Kitatoka na mkono wake uliopinda. Ng'oa nywele zote, sugua kwa mswaki na siki, suuza. Usiguse dawa yenye klorini siku hiyo, ikikutana na siki inatoa gesi mbaya. Kisha tandika kitambaa juu ya tundu la chini ili skrubu isitumbukie, fungua skrubu za kibati, vuta taratibu. Fimbo itafuata. Ncha yake ya chini nayo hujikusanyia nywele, usafi ni uleule.

Mjomba Hamisi: Kwenye fimbo kuna nati ya kufungia. Ilegeze, zungusha fimbo iwe fupi kwa milimita 3, kaza nati.

Shangazi Rehema: Fupi? Si arefushe ndiyo ishuke zaidi?

Mjomba Hamisi: Hapo wengi hukosea. Kwa Neema fimbo inakandamiza mkono kwa nyuma, kizibo kinainuka mbele, kama pembea. Fimbo ndefu inakiacha kimening'inia. Kurefusha ni kwa aina nyingine, ile ambayo tunduni hakuna kizibo, ni kichujio tu, na kipande kizito cha metali kinashuka ndani ya bomba kuziba njia.

Shangazi Rehema: Haya, hapo umenipata.

Mjomba Hamisi: Ukirudisha kizibo, mpindo wa mkono uelekee chini, la sivyo utagoma kwenye kona. Mpira upake grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya petroli yanauvimbisha.

Kassim: Na ule mpira wa nyuma ya kibati uangalie. Ukiwa umekauka, maji yakifika juu yatapenya ukutani. Skrubu zikaze kwa mkono tu.

Neema: Nimemaliza. Alama ya penseli haijashuka kwa saa nzima. Ila nikifungua, maji yanatoka kwa kusuasua.

Mjomba Hamisi: Umefupisha milimita ngapi?

Neema: Kama 6 😅

Mjomba Hamisi: Ndiyo maana hakiinuki vya kutosha. Rudisha nusu, ujaribu tena kufunga na kufungua kabla hujakaza kibati.