Mtwara: Nimemuuliza mbunge alisema nini bungeni, nikanyang'anywa kipaza sauti

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Jina la jimbo na la mbunge nayaacha, maana nikiyataja tutaishia kugombana vyama. Mimi ni mkulima wa korosho, mwanachama wa AMCOS, chama chetu cha ushirika wa mazao, huku huku Mtwara.

Wiki mbili zilizopita, Bunge la bajeti limeshaahirishwa, mheshimiwa alikuja kijijini. Tulimsubiri chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji tangu saa tatu, akafika saa nane. Akagawa jezi seti mbili na mipira, kisha akakabidhi bati za zahanati. Mshereheshaji anatangaza "mbunge wenu katoa", akina mama wanapiga vigelegele. Diwani mwenyewe alishatuambia zile bati zimetoka Mfuko wa Jimbo. Mfuko huo upo kwa sheria ya mwaka 2009 na fedha zake ni za Serikali, yaani kodi zetu. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati inayopanga ziende wapi, basi. Tunapiga magoti kushukuru kwa mali yetu wenyewe!

Ukafika muda wa maswali. Swali langu nilikuwa nimeliandika nyuma ya stakabadhi ya mzigo wa msimu uliopita ili nisibabaike: "Mheshimiwa, kwenye bajeti hii ulisema nini kuhusu ushuru wa korosho zinazouzwa nje, na kura yako ilikuwa ipi?"

Sikumaliza. Mwenyekiti wa mkutano akanipokonya kipaza sauti. "Ulizeni mambo ya maendeleo. Hizo siasa za Dodoma hazimhusu mtu wa kijijini, wala hazielewi." Mheshimiwa akanyamaza, anaangalia simu. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akanivuta shati: "Kaa chini mwanangu, utatufukuzia mgeni." Hilo la mzee ndilo limeniuma kuliko yote.

Hazituhusu? Ushuru wa korosho ghafi ulikuwa unagawanywa, asilimia 65 inarudi kuendeleza zao, 35 inakwenda Hazina. Hela hiyo ndiyo iliyokuwa inagharamia miche na salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Juni 2018 Bunge likapitisha Sheria ya Fedha, ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wapo wabunge wa Kusini waliopinga waziwazi, haki yao nawapa, lakini hoja ikapita. Wangapi hapa kijijini walijua siku ile kwamba salfa yao inaamuliwa? Tulikuja kuambiwa mambo yakiwa yamekwisha. Leo mtu anasimama mbele yangu ananiambia Dodoma hainihusu.

Na hilo la hatuelewi silikubali hata kidogo. Tarehe 22 Mei 2013 Mtwara mjini maduka yalifungwa, watu wakatega masikio kusikiliza bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, wanataka kujua habari za bomba la kupeleka gesi Dar. Siku ile iliisha vibaya, kuna damu na mali zilizoteketea, na sitetei hilo. Lakini mji mzima ulijua ni wizara gani inasomwa na inasomwa lini. Watu wa namna hiyo unawaitaje wasioelewa?

Masikio yetu yalizibwa. Januari 2016 Serikali ikatangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, sababu ikatajwa kuwa ni gharama. Waziri aliyelisemea jambo hilo bungeni alikuwa mbunge wa Mtama, hapo Lindi, jirani zetu kabisa. Mkitaka kutoa maoni juu ya muswada, kamati zinakaa Dodoma. Kutoka hapa ukipitia Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Nani auze gunia lake la mwisho akalipe nauli ya kwenda kuongea dakika chache?

Baada ya mkutano ule nilikwenda mjini, nikanunua bando, nikapakua hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, kwenye tovuti ya Bunge. Zipo, wakuu, tena bure. Nilikaa mpaka saa tano usiku natafuta jina la mtu wetu. Katika zile nilizofungua nimemkuta amechangia mara moja tu. Anamshukuru Mungu, anampongeza Rais, anampongeza Waziri, anapongeza wasaidizi wa Waziri, (Makofi). Anaomba barabara moja. Halafu mabano: kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji. Anamalizia "naunga mkono hoja". Korosho haikutajwa. Kura ya bajeti wanaitwa kwa majina, na jina lake lipo upande wa ndiyo.

Sasa kwa nini asiniambie hivyo mwenyewe pale chini ya mwembe? Labda ana sababu nzuri ya kusema ndiyo. Katiba ibara ya 63 inasema Bunge linaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Mimi ndiye huyo mwananchi, nilitaka maelezo ya dakika mbili tu.

Kurasa zile nilizichapisha, shilingi mia tano kila moja, nikazibandika ukutani kwenye ghala la AMCOS. Watu walianza kusimama kusoma, yule mzee alimwita mjukuu wake amsomee kwa sauti. Jana asubuhi nimekuta zimechanwa, imebaki gundi. Nimechapisha nyingine leo. Kesho kabla ya saa moja nitakuwa pale na gundi yangu.