Nimeandika mkarafuu wa babu, umesomeka kama tangazo la hoteli

BintiWete
Asalaam alaykum jamani. Nna hadithi fupi naiandika, ya mkarafuu wa marehemu babu yangu Pemba. Ulikuwa nyuma ya jiko, na sie watoto tulikuwa hatuukaribii kwa kuogopa majimoto, wale chungu wa mitini wanaouma. Juzi nikampa shoga yangu asome, akacheka. "Hii 'harufu tamu ya viungo iliyotanda kisiwani' umeitoa mlangoni mwa hoteli?" Niliudhika, lakini nilipoirudia nikaona kasema kweli. Mkarafuu wenyewe haumo. Naishi Mjini mwaka wa tisa sasa. Nifanyeje?

MzeeWaDau
Waalaykum salaam mwanangu. Mie si mwandishi, nimevua tu, Kojani. Harufu iache, aliyekulia ndani yake haisikii. Mie nikikuhadithia bahari sikwambii buluu. Ntakwambia lilikuwa bamvua, maji yametoka mpaka mwamba uko juu, wanawake wamejifunga kanga wanashuka kuchokoa pweza. Nikisema maji mafu, mtu wa pwani keshajua siku hiyo hakuna wa kushuka. Babu yako alikuwa akichuma mwezi gani? Pepo za kusi au za kaskazi?

MwalimuWaJioni
Mzee kasema, ila nampinga kidogo. Nimesomesha watoto wanaojaza ukurasa kusi, matlai na vuli kama wanasoma bei za sokoni. Mie nataka kuona mikono. Karafuu huchumwa ingali tumba. Ua likishafunguka, thamani imekwenda. Kwa hiyo nyumba nzima ina haraka. Nani alikuwa akikuamsha? Mvua ikitishia, nani alikimbilia kuanua majamvi? Makonyo, vile vijiti mnavyochambulia karafuu, mliyaweka wapi?

Jengine. Usiandike "tangu enzi na enzi". Mkarafuu ni mgeni hapa, kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Umeenea kwetu karne ya 19, na mashamba yale yalilimwa na watumwa. Kimbunga cha 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikanusurika zaidi, ndio Pemba ikatangulia. Huna haja ya kuyatia yote hayo. Lakini ukiyajua, hata kivuli cha ule mti utakiandika vyengine.

Kidike_jioni
Na popo msimsahau! Yule mkubwa wa Pemba hayupo pengine popote duniani. Sie tukiwaona wanaruka magharibi tunajua ni wakati wa kuingia ndani, tutaitwa.

MzeeWaDau
Mwalimu, mie sikusema ajaze ukurasa. Nimeuliza mwezi.

BintiWete
Ahsanteni sana. Jana usiku nimefuta kurasa mbili, roho inaniuma. Kisha nikampigia mama. Nilimuuliza habari za majamvi, akanijibu habari za mafuta ya taa, ndivyo alivyo. Kumbe mie nilikuwa nimeshasahau kabisa. Sasa inaanza hivi:

"Babu alipanda na mafuta ya taa miguuni, kwa ajili ya majimoto. Sisi tulibaki chini na pakacha, hatusemi, kwa sababu mama alituambia mtu aliye juu ya mkarafuu haitwi jina. Tawi likilia, mama aliacha kuchambua. Likinyamaza, aliendelea."

MwalimuWaJioni
Hapo kwenye tawi usiguse tena.

MzeeWaDau
Nzuri, mwanangu. Mwezi gani?