Mjadala: Kuacha mpira karibu na shimo ni uungwana au ni upendeleo?

Naomba tulijadili suala hili kwa kina: katika mashindano ya gofu ya kuhesabu mikwaju, ambako kila mchezaji hushindana na wote walio uwanjani, je, mchezaji ambaye mpira wake umetulia karibu na shimo alazimishwe kuweka alama mahali ulipo na kuuokota kabla mwenzake hajapiga kutoka nje ya grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo? Kwa sasa halazimiki. Kanuni ya 15.3 ya gofu inamruhusu kuuokota akiona unaweza kumsaidia mtu, na inampa mwenzake haki ya kumtaka auokote. Kinachokatazwa ni wachezaji kukubaliana kuuacha ili umsaidie mmoja wao, kosa ambalo kila aliyehusika huadhibiwa kwa mikwaju miwili. Kwa maoni yangu, hilo halitoshi.

Tutazame kinachotokea. Mchezaji yuko pembeni mwa grini, na mpira wa mwenzake umelala hatua moja nyuma ya shimo. Anapiga kwa nguvu kupita kiasi, mpira wake unapita shimo, unagonga ule uliolala na kusimama hapo hapo badala ya kuteremka mpaka ukingo wa pili. Mpigaji haadhibiwi, kwa sababu alipiga kutoka nje ya grini, na anaendelea kucheza pale mpira ulipotulia. Mwenye mpira uliogongwa naye hapotezi kitu, maana anaurudisha ulipokuwa. Anayeumia ni mshindani aliye mashimo kadhaa mbele au nyuma yao, ambaye hakuwapo kudai mpira uokotwe. Katika mechi ya ana kwa ana tatizo hili ni dogo, kwa kuwa mwenye kuumia yupo pale pale na atajitetea.

Februari 2019, katika mashindano ya LPGA, chama cha gofu ya kulipwa ya wanawake, nchini Thailand, mpira wa Ariya Jutanugarn uligonga ule wa Amy Olson na kusimama karibu na shimo. Mabishano yalikuwa makali, lakini LPGA iliona kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa kuwa hapakuwa na makubaliano. Sina nia ya kuwashutumu wachezaji hao. Shida iko kwenye kipimo chenyewe: watu waliozoea kucheza pamoja hawahitaji kusemezana ili kuelewana, na hakuna mwamuzi awezaye kuthibitisha makubaliano ya kimyakimya.

Wanaotetea hali ya sasa husema kuokota mipira kunachelewesha mchezo. Hoja hiyo ingenishawishi zaidi kama isingekuwapo kanuni nyingine: ukipiga ukiwa ndani ya grini na kugonga mpira mwingine uliotulia humo, unaadhibiwa mikwaju miwili. Hapo kila mtu huweka alama upesi, na sijasikia anayelalamikia muda.

Sipingi kusaidiana. Kutafuta mpira wa mwenzako katika zile dakika tatu zinazoruhusiwa za kuutafuta ni uungwana mtupu, na kumtajia umbali wa kufika shimoni kunaruhusiwa, kwa sababu hizo ni taarifa zilizo wazi kwa wote. Kumshauri atumie fimbo gani kunaadhibiwa, hata kama nia ni njema.

Ninachopendekeza ni kwamba mwenye mpira akishafika kwenye grini, alazimike kuuokota mwenzake anapopiga kutoka pembeni, isipokuwa akichagua kutangulia kucheza. Wanaopinga naomba watueleze yule mshindani asiyekuwapo analindwa na nani. Waamuzi nao watusaidie: umbali wa kutoka shimoni uwekewe kikomo, au sharti lihusu kila mpira ulio kwenye grini?