Ngoma ya moto ya Wabaining: hawaungui? Na kile kichwa kinaundwaje?

FundiMianzi_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa mianzi hapa Uyole: matenga, viti, majukwaa ya harusi. Kijana wangu kanionesha video ya kabila la Wabaining, Papua New Guinea. Ni usiku, wamevaa vichwa vyeupe vikubwa vyenye macho ya duara, wanakimbia peku katikati ya moto na kuupiga teke mpaka cheche zinawapita kichwani. Hivi hawaungui? Na ndani ya kile kichwa kuna fremu gani, maana mtu anaruka nacho na hakidondoki? Kuna shule jirani wanataka kitu kama hicho kwenye mahafali, wameshaniuliza bei.

Kyela_Ziwani
Fundi, hela nyingine ziache zipite. Hayo ni mapepo.

Mnyalukolo_Mafinga
Kamwene fundi. Nimeishi Kokopo kwa kazi za kanisa, mji uliobeba shughuli za mji jirani wa Rabaul baada ya volkano kuufukia Rabaul kwa majivu mwaka 1994. Wabaining wako milimani huko nyuma, kisiwa cha New Britain.

Kazi yako ungeipenda. Vinyago vinaundwa na wanaume tu, tena porini, wanawake na watoto wasione. Ndani ni fito na mianzi iliyopasuliwa nyembamba. Juu wanavuta gome la mti lililopondwapondwa mpaka likawa kama kitambaa, kisha wanalichora kwa rangi nyekundu na nyeusi. Hicho chenye macho makubwa na mdomo uliochomoza wanakiita kavat. Kila kimoja ni roho ya kitu cha porini: jani, ndege, hata pingili ya uti wa mgongo wa mnyama. Kipo na kingine, vungvung, kina bomba la mwanzi mdomoni.

Giza likiingia, wazee wanakaa safu moja, wanaimba huku wakitwanga vipande vya mianzi chini. Hakuna spika, na kifua kinatetemeka. Vinyago vinatoka gizani kimoja kimoja, kila kimoja na mwendo wake, na moto unachochewa mpaka karibu na alfajiri.

Kuhusu kuungua: hawasimami juu ya makaa. Wanapita mbio, unyayo unagusa na kuondoka, na miguuni wamejifunga majani. Lakini moto ni moto, usimdanganye mwalimu yeyote kwamba kuna dawa.

Na wewe wa Kyela, hao watu wengi wao ni Wakristo, Jumapili utawakuta kanisani. Ngoma hii wanacheza kuwaingiza vijana utu uzima, kukumbuka marehemu, au kushukuru mavuno. Wana na ya mchana, ya mambo ya mashamba na uzazi. Ya usiku ni ya pori na wanaume.

Mmakonde_Soweto
Kwetu Newala tuna mapiko, kinyago cha mti mwepesi, na ngoma ikiisha kinarudi kufichwa. Hao wenzetu wanavihifadhi wapi?

Mnyalukolo_Mafinga
Hawavihifadhi, kaka. Kwa desturi ngoma ikiisha vinaachwa vioze huko porini, wakati mwingine vinachomwa. Siku hizi vingine vinauzwa kwa watalii na makumbusho, na kila mwaka kuna tamasha la vinyago Kokopo. Mimi nilivyoona, cha mnunuzi kinachorwa haraka, rangi zinamwagika.

FundiMianzi_Uyole
Sasa mbona shule wanataka cha kuweka stoo watumie kila mwaka?

Mnyalukolo_Mafinga
Basi usiwatengenezee kavat. Roho za msitu wa watu zina wenyewe. Wape kichwa cha kipunji, yule nyani wa Rungwe ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005. Ana kishungi kirefu kichwani, kitapendeza. Mianzi ya kutwanga chini chukua, hiyo watoto wataicheza vizuri. Moto futa kabisa, sare zao ni za poliesta.

Mmakonde_Soweto
Hapo kwenye sare umenena.

FundiMianzi_Uyole
Nimeelewa, ndaga fijo. Gome silipati, nitavuta kitambaa cha amerikani na gundi ya unga wa muhogo. Kwa mtoto wa darasa la saba, fremu ikae mabegani au kichwani?

Mnyalukolo_Mafinga
Mabegani. Kichwani itamzungukia akigeuka, atabaki anatazama kisogo cha nyani.