Nyumba mpya Isyesye inashuka bei kila nikikaa kimya. Ninunue au nijenge?

Mwalimu_wa_Zamu
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mama watoto tumepanga Mwanjelwa, huu mwaka wa saba. Tulikuwa tunawinda kiwanja, ila siku hizi Mbeya kumeingia mtindo: mtu anajenga nyumba mbili tatu eneo moja, anapiga rangi, anaita dalali. Haijalaliwa hata usiku mmoja. Iwambi zipo, Isyesye zipo, Uyole usiseme. Tangu waanze kutanua barabara kuu Nsalaga hadi Ifisi iwe njia nne, kila mwenye kibanda anajiona yuko mjini.

Nimeipenda moja Isyesye. Vyumba vitatu, kimoja masta, dari ya jipsamu. Machi dalali alisema milioni 85, haipungui hata shilingi. Juni ikawa 78. Juzi kanipigia mwenye nyumba mwenyewe, saa mbili usiku: "Mwalimu, njoo na 70 tuongee."

Mkononi tuna 40, nyingine tukope. Mama watoto anasema tuwahi kabla haijapanda. Kama madalali wanasema nyumba zinapanda, hii mbona inateremka? Nishaurini, matusi wekeni pembeni.

Kokoto_Tu
Mwalimu, anachotaja dalali ni ndoto ya muuzaji. Watafute waliokwisha kuhamia mtaa ule, waulize walitoa ngapi mwisho wa siku. Utashangaa.
Mimi nimejenga mbili za kuuza, nakwambia siri ya jikoni. Nondo na simenti nilichukua kwa mkopo. Nyumba ikikaa miezi sita bila mteja, riba inanila mimi. Mtu hakupigii saa mbili usiku kwa kukupenda.

MamaPacha_Soweto
Kaka, hati ipo?

Mwalimu_wa_Zamu
Dada, kuna karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa. Hati anasema "inafuatiliwa".

MamaPacha_Soweto
Basi jibu la swali lako hilo hapo. Bila hati benki haina cha kushika rehani, mkopo wa nyumba hupati. Wanaobaki kuinunua ni wenye hela taslimu, na hao hawajai hata daladala. Ndiyo maana inateremka. Wewe ukikopea mshahara ili umalizie, riba unalipa wewe na kesho kuifuatilia hati ni juu yako.
Hati ikitoka, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, ujue jina ni la nani na kama haijawekwa rehani. Muulize pia kama ana mke, asaini. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakutaka wewe mnunuzi uulize ridhaa ya mwenza.
Halafu kodi ya TRA, ile 10% ya faida, ni ya muuzaji. Wanapenda kuitupia kwa mnunuzi mkiwa mmeshakunywa soda.

Mpangaji_Sugu
Achana na vya watu. Piga boma, hamia humo humo, malizia ukiwa ndani.

Kokoto_Tu
@Mpangaji_Sugu jina lako limeshakujibu.

Mnyalu_Ipogolo
Kamwene. Huku Iringa nilinunua "mpya" kama hiyo mwezi wa nane, jua kali, ukuta unang'aa. Mvua za Desemba zilipokolea ukatoka ufa kona ya dirisha la sebuleni ukapanda hadi kwenye linta. Sarafu ya mia inaingia yote. Fundi kuchimba pembeni, kumbe msingi umekaa juu ya kifusi ambacho hakikushindiliwa. Nilipigwa milioni 6 za marekebisho, na muuzaji simu hapokei.
Nyumba ya kununua iangalie mvua ikinyesha. Simama nyuma ya nyumba uone maji yanapita wapi. Na nyie mna milima, Kawetere ilivyoporomoka Itezi Aprili 2024 ikafukia nyumba sote tuliona. Kama ina mteremko mkali kwa nyuma, hata wakikupa kwa 50 iache.

MamaPacha_Soweto
Na ufungue bomba asubuhi, si mchana. Mita kuwepo ukutani si maji.

Mwalimu_wa_Zamu
Nimempigia. Nimemwambia hati kwanza, itoke kwa jina lake, na mvua ya kwanza kubwa nitakuja kushinda pale na mwavuli wangu. Akakaa kimya, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Basi 66."
Ndaga fijo wakuu. Mama watoto sasa naye anataka tusubiri. Nani ana fundi mwaminifu wa kukagua msingi, wa Uyole au Isyesye, asiyejuana na madalali?