Kazi Posta, mke Upanga, gari hatuna: tupange wapi Dar?

mgeni_wa_jiji

Habari za leo wakuu. Naomba ushauri kwa mnaoishi Dar maana mimi nimekaa Dodoma miaka yote, jiji nalijua kwa kupita tu. Nimepata uhamisho, ofisi iko karibu na Posta ya Zamani na natakiwa niwe mezani saa moja na nusu asubuhi. Mke wangu ni nesi, naye kapata nafasi hospitali moja ya Upanga, anaingia kwa shifti, kuna wiki anatoka saa mbili usiku. Mtoto tunaye mmoja, anaanza la kwanza Januari. Kodi isizidi laki tatu kwa mwezi, vyumba viwili na sebule, choo ndani.

Dalali wa kwanza kanionyesha nyumba Kimara, kule ndani Saranga, laki na themanini. Wa pili Kibada Kigamboni laki mbili, nyumba mpya kabisa ina uzio. Rafiki yangu ananiambia Tegeta, shemeji yangu yuko Gongo la Mboto anasema nije huko kuna treni, yaani kila mtu anasifia kwake. Wenye nyumba wote wanataka miezi sita kwa mkupuo, sasa sitaki nitoe hela yote hiyo halafu mke wangu awe anasimama kituoni usiku peke yake akisubiri gari. Hilo ndo linaninyima usingizi kuliko hata foleni. Nisaidieni jamani.

kimara_kwetu

Karibu jijini mkuu. Umeuliza vizuri kwasababu umetaja na sehemu anayofanya kazi shemeji, yaani mkeo, wengi wanauliza "mtaa gani mzuri" bila kusema wanaenda wapi, na hapa Dar mtaa mzuri ni ule ambao barabara yake inaingia kule unakokwenda bila kukuzungusha.

Kwa nyie wawili mimi nasema Morogoro road, sababu ni mwendokasi. Ile njia imeanza kutoa huduma Mei 2016, inatoka Kimara mpaka Kivukoni, wewe unashuka Posta ya Zamani unatembea kidogo tu, shemeji anashuka Fire anaingia Upanga. Gari moja wote wawili hakuna kuunganisha, na basi likishaingia kwenye njia yake foleni ya malori na daladala mnaiangalia dirishani.

Ila sikiliza kitu ambacho dalali hatakwambia. Kimara ni kubwa sana na ukishuka kituoni safari haijaisha. Saranga ya ndani ni bodaboda, tuseme elfu moja kwenda na elfu moja kurudi, mko wawili hiyo ni elfu nne kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni laki moja na elfu nne. Jumlisha na ile laki na themanini uone umefika wapi, ni laki mbili na themanini na nne, na kwa hela hiyohiyo unapata nyumba ambayo unatembea kwa miguu mpaka kituoni. Dalali akisema "dakika tano kutoka lami" muulize dakika tano za nini, za mguu au za boda, halafu mwambie twende kwa mguu nione. Kule ni milima na makorongo, mvua ikipiga kuna njia boda mwenyewe anakwambia shuka hapa sifiki.

Kingine, usidanganyike na nyumba ya Korogwe, Bucha au Baruti kwamba ziko karibu zaidi na mjini kuliko Kimara Mwisho. Asubuhi basi linajaa palepale Kimara linapoanzia, likifika Baruti mlango unafunguka watu wanaangaliana tu, aliye nje haingii na aliye ndani hawezi hata kugeuka. Wengi wa vituo hivyo wanapanda kwanza gari la kurudi nyuma mpaka Kimara ili wageuze nalo, yaani unaongeza muda ili upate pa kusimama. Kwahiyo kaa pale inapoanzia, umbali unaotembeleka kutoka Kimara Mwisho, hata kama nyumba yenyewe ni ya zamani kidogo.

mama_wa_segerea

Kaka mgeni, mimi nataka niseme kuhusu wifi yangu na mtoto maana hapo juu wameongelea barabara.

Mwanamke anayetoka kazini saa mbili usiku anafika kituo cha kushukia saa tatu na kitu. Sasa kabla hujalipa hata shilingi nenda kwenye hiyo nyumba saa tatu usiku, usiende na dalali, nenda na mkeo mshuke kituoni mtembee mpaka mlangoni. Angalia kama kuna taa, maduka yako wazi, mama lishe wapo, kuna kijiwe cha boda wanaojulikana na wenye vizibao vyao. Mtaa ambao saa tatu kuna mtu anachoma mishikaki na wateja wamesimama ni tofauti kabisa na mtaa wa kuta ndefu na mageti ambao ukipiga kelele hakuna anayefungua. Nyumba mpya zenye uzio nyingi ziko kwenye mitaa ya aina hiyo ya pili na kwenye picha zinapendeza sana.

Mtoto nae usimfanye akufuate mjini. Kuna wazazi wanampeleka mtoto shule ya mbali kwa basi la shule, linampitia saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijatoka, la kwanza huyo, anasinzia mpaka anafika. Naumia sana nikiwaona wamesimama barabarani na mabegi makubwa kuliko wao. Tafuteni shule ya kutembea kwa mguu hapohapo mtaani na mtu wa kumpokea mchana, ndugu au dada wa kazi, halafu hiyo iwe sababu ya kuchagua mtaa sawasawa na barabara. Nyie wote wawili mtakuwa mbali naye mchana kutwa, akiumwa shuleni nani anafika wa kwanza?

Na maji. Uliza ni ya Dawasa, yaani mamlaka ya maji ya jiji, au kisima, fungua bomba uonje kabisa. Sehemu nyingi za visima maji ni ya chumvi, sabuni haitoi povu na chai inabadilika ladha, hapo kila siku unanunua madumu ya kunywa na kupikia na hiyo hela haimo kwenye bajeti yako. Angalia pia kama kuna simtanki, na ujazo wake, maana mgao upo. Mwaka 2022 maji ya mto Ruvu yaliposhuka jiji zima lilisumbuka, waliokuwa na pa kuhifadhia ndo walipumua.

feri_damu

Naona Kigamboni imetajwa halafu ikarukwa. Mimi ni mkazi wa huku na napapenda, kuna hewa, viwanja vimepangika sehemu nyingi na kwa bei hiyo unapata nyumba ambayo ng'ambo hupati. Ukikaa jirani na Feri, yaani unatembea mpaka kwenye pantoni, kazi yako ya Posta iko mbele ya macho, unavuka maji unatokea Magogoni na kutoka hapo mpaka Posta ya Zamani ni kwa mguu.

Lakini Kibada sio Feri mkuu. Kutoka Kibada ni daladala mpaka Feri, halafu foleni ya kuingia, halafu pale kwenye banda mnasimama mmejazana mnasubiri geti lifunguliwe, likifunguliwa ni mwendo wa mbio, wenye baiskeli, akina mama na ndoo za samaki, wenye suti, wote mlango mmoja. Pantoni moja ikiwa kwenye matengenezo hapo kusubiri kunakuwa mara mbili. Daraja la Kigamboni lipo toka 2016 ila linakutoa Kurasini kwenye malori ya bandari, na gari ndogo zinalipa tozo, kwahiyo daraja linawafaa zaidi wanaofanya kazi upande wa Kurasini, Temeke, Chang'ombe na kuendelea.

Kwa shemeji wa shifti mimi kama mkazi wa Kigamboni namshauri asije kwasasa. Saa mbili usiku kutoka Upanga mpaka Kivukoni, avuke, apande tena daladala ya Kibada, ni magari mawili na pantoni moja. Ingekuwa ni wewe peke yako ningekwambia njoo leo.

pugu_road

Shemeji yako wa Gongo la Mboto hajakudanganya, treni ipo. Ni ya asubuhi na jioni, inatoka Pugu inapita Gongo la Mboto, Karakata, Vingunguti, Buguruni mpaka Stesheni, haina foleni na nauli yake ni rahisi. Kwa mtu wa ofisini anayetoka saa kumi na moja au kumi na mbili inafaa. Kwa mtu wa shifti haifai, treni haimsubiri mgonjwa amalize dripu. Akiikosa anarudi Nyerere road na hiyo nayo jioni kuanzia Tazara mpaka uwanja wa ndege unakaa kwenye foleni. Nyumba lakini huku ni bei nzuri, siwezi kusema uongo.

mdau_sgr

Vipi kuhusu kukaa Morogoro na kupanda SGR? Tangu 2024 treni inatembea, Moro ni masaa mawili kasoro.

kimara_kwetu

Mdau, nauli ya kawaida Dar Moro ni elfu kumi na tatu. Kwenda na kurudi elfu ishirini na sita kwa mtu mmoja kwa siku moja. Wako wawili.

tabata_relini

Mimi napinga kidogo hoja ya Kimara. Sikatai mwendokasi ni mzuri, ila hakuna aliyemwambia mgeni kuhusu Jangwani na hilo ni kosa kubwa. Mvua kubwa ikinyesha mto Msimbazi unajaa, maji yanapanda barabarani pale Jangwani, barabara inafungwa na mabasi yanaishia Magomeni. Hapo watu wa Kimara, Mbezi, Ubungo, Manzese wote wanatafuta njia nyingine kwa wakati mmoja, wengine wanazunguka Kawawa mpaka Kinondoni watokee Salenda, wengine wanakaa tu. Daraja la juu likikamilika itakuwa habari nyingine, lakini yeye anahamia sasa na masika inakuja kila mwaka.

Tabata kwa ramani iko karibu na mjini kuliko Kimara, tena karibu sana. Kuna daladala za Kariakoo, Posta na Kivukoni, ukikwama Buguruni unakata Kigogo, unakuwa na njia zaidi ya moja na hicho ndo kitu ninachokitafuta mimi. Na usiku Tabata hailali, hilo la taa na watu aliloongea mama wa Segerea Tabata limejaa, kwa shifti za usiku ni sehemu salama kwa macho yangu. Kodi laki mbili na nusu mpaka tatu unapata, ila ukiletewa nyumba ya bei chee upande wa bondeni angalia ukutani, ile mistari ya matope kwenye rangi inakuonyesha maji yalifika wapi. Wanapiga rangi mpya ila nyuma ya choo na kwenye banda la kuku huwa wanasahau.

Tegeta hata usiifikirie kwa kazi hizo mbili. Ni nzuri kwa anayefanya kazi Mwenge, Mikocheni, Kawe, sio Posta. Na Bagamoyo road nayo iko kwenye ujenzi.

mgeni_wa_jiji

Nashukuru sana wote, mmenifungua macho kweli. Saranga na Kibada nimeziweka pembeni. Nimeongea na mke wangu na yeye kashikilia hoja ya mama wa Segerea, anasema shule na njia ya usiku ndo vichague nyumba. Kwahiyo tumebaki na Kimara Mwisho ya kutembea kwa mguu au Tabata. Ijumaa ijayo tunakuja wote wawili, tutalala kwa ndugu Ubungo. Nifanyeje ili nisirudi Dodoma na jibu la kubahatisha? Na hawa madalali niwalipe vipi?

kimara_kwetu

Ijumaa ni nzuri kwa jioni, ila asubuhi yake usiipime Jumamosi, watu ni wachache itakudanganya. Kama unaweza omba ruhusa uunganishe mpaka Jumanne. Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri uwe Kimara Mwisho, panda kama vile unaenda kazini kabisa, fika mpaka mlango wa ofisi yako, jioni rudi muda ule utakaokuwa unatoka. Jumanne fanya hivyohivyo kutokea Tabata. Shemeji yeye Ijumaa hiyohiyo akae Upanga mpaka saa mbili usiku, atoke peke yake bila wewe kumshika mkono, wewe mfuate kwa nyuma tu, halafu msikilize atakachosema akifika. Kuhusu hilo la Jangwani ndugu wa Tabata kasema kweli, mimi siku za mvua kubwa natoka mapema zaidi na kuna siku nimechelewa.

Madalali, wengi wanaomba kama elfu kumi ya kukuzungusha, hiyo patana nao kabla hujaanza kutembea. Hela ya udalali yenyewe ni kodi ya mwezi mmoja na unaitoa siku ya kusaini mkataba, mbele ya mwenye nyumba, sio mbele ya "mdogo wake" wala "msimamizi". Usitume hela kwa simu ili nyumba "ishikiliwe". Omba kuona mita ya umeme ya Luku ni ya kwako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine, ugomvi mwingi unaanzia hapo.

mama_wa_segerea

Na mwombe mwenye nyumba miezi mitatu kwanza badala ya sita. Wengi wanakataa mara ya kwanza, mwambie mke ni nesi na wewe ni mtumishi wa ofisi, wanapenda wapangaji wa hivyo. Jumatatu hiyo pitieni na shule zenyewe saa sita mchana wakati la kwanza wanatoka, muone wanatokaje na nani anawapokea. Mkihitaji shule za huku Segerea na Tabata niulize, nitakuandikia ninazozijua.